Nani Kayashona Makava ya Bibi Harusi

Nyamizi mwanangu,

Umetoka saa saba hii kwenda kuwaaga shangazi zako, na kwa ninavyowajua wale, kila nyumba watakukalisha chini ule. Kwa hiyo nina nafasi mpaka jua lizame. Kibanda nimekifunga, cherehani nimeifunika. Amekuja mteja mmoja na kiti cha basi kichwani, nikamwambia arudi keshokutwa, leo fundi ana mgeni. Akachungulia ndani, hakuona mtu. Nikamwambia mgeni mwenyewe ni kalamu, sijaishika tangu fomu zako za shule zilipoisha.

Mambo ya kula kwa wakati, ya kuvaa sweta na ya kutopokea simu za watu usiowajua sitayaandika. Hayo shangazi zako wameshagawana tangu juzi, kila mmoja na fungu lake. Michembe ya viazi iko kwenye mfuko wa bluu. Ya nyumbani yameishia hapo.

Jambo langu ni moja, na nimelikalia zaidi ya nusu ya umri wako. Siku ile ulipohojiwa kazi kwa simu ulijifungia chumbani, mimi niko kibandani nashona, na ukuta wetu unaujua. Nikasimamisha cherehani ili nisikie. Ndiyo, nilifanya hivyo, na ukija kuzaa utafanya hivyo hivyo. Wakakuuliza kwa nini msichana kutoka Tabora anataka kazi ya kusimama getini kwenye kiwanja cha mbio, kukagua magari ya watu wa kawaida, yale ya kwenda nayo kazini na sokoni, kabla hayajaruhusiwa kukimbizwa. Ukasema: "Nikiwa darasa la tatu nilijificha ndani ya gari la mama siku ya mashindano. Mama hakujua. Niliumia kwa kosa langu mwenyewe, na gari nusura liungue. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza nani alitakiwa kunizuia."

Kazi wakakupa. Mimi nilibaki nimekaa na sindano mkononi mpaka baba yako akaja kuuliza kama umeme umekatika.

Mwanangu, hukujificha. Mimi ndiye niliyekuficha.

Haya, nimelisema. Ngoja nipumue, halafu nikueleze lilivyokuwa, maana kosa lenyewe halikuwa moja. Yalikuwa mengi, na mengine yanachekesha, nami nakuruhusu ucheke ukifika pale, kwa sababu mimi mwenyewe nimecheka miaka yote na huo ndio ulikuwa ujanja wangu wa kutolisema hili moja.

Gari letu, Bibi Harusi, unamjua kwa uzee wake wa sasa. Mwaka ule ndiyo kwanza tumemleta nyumbani, na mimi ndiyo kwanza nimepata jina mjini. Kila mwenye gari alikuwa analeta viti kwangu nimshonee makava. Nikaona fundi hawezi kuendesha gari lenye viti vitupu, watu watasema nini. Nikamvalisha. Makava meupe ya lesi viti vyote, marinda mpaka chini, maua ya kufuma kwenye vichwa vya viti, kitambaa cha dashibodi chenye pindo la dhahabu. Hata usukani niliuvisha. Watoto wa Isevya ndio waliompa jina, maana alipokuwa akipita mtaani walipiga vigelegele.

Wanaume wa kijiwe cha teksi wao walikuwa na midomo. Kiongozi wao ni ba'mdogo wako Kashindye, huyo huyo anayekuletea karanga mpaka leo. Alikuwa akiniambia, "Shemeji, hilo ni gari la kwenda kanisani na kurudi. Likizidi hamsini, rinda litapanda." Kijiwe kizima kinacheka. Mimi unanijua, mwanangu, hasira yangu haina kengele ya kutangulia. Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba watu wa magari kutoka Mwanza na Dodoma wamekodi ile njia ya ndege ya zamani upande wa Usoke, ile iliyobaki majani na mbuzi, na kwamba yeyote anaweza kuja kukimbia na gari lake la barabarani mradi lipite ukaguzi, nikasema palepale mbele ya kijiwe kwamba nitakwenda. Kashindye alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema naye atakwenda na teksi yake, apate cha kusimulia.

Masharti yalibandikwa kule Usoke. Kashindye alikuwa amepeleka abiria, akanisomea kwa simu, mtandao unakatika-katika. Helmeti. Nguo ya pamba ya mikono mirefu. Mkanda unaofunga. Betri iliyokazwa isicheze. Kulabu ya kuvutia gari likikwama. Ndani ya gari kusibaki kitu kinachoweza kuruka. Na mtungi.

"Mtungi gani?" nikauliza.

"Mtungi, shemeji. Kila gari na mtungi wake, uliojaa." Simu ikakatika.

Sasa nyumbani kwetu mtungi ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa na wiki mbili tangu uingie: mtungi wa gesi. Baba yako alikuwa Nzega kwenye semina ya walimu, hayupo wa kumuuliza. Nikazima jiko maharage yakiwa nusu, nikauchomoa mtungi, nikaubeba mpaka kwenye gari, nikaukalisha kiti cha mbele. Na kwa vile nilikuwa na usiku mzima mbele yangu na kipande cha lesi kimebaki, nikaushonea na kava, usije ukatofautiana na viti. Asubuhi tukaondoka watatu, mimi, wewe na mtungi. Wewe ulikaa nyuma.

Mkaguzi alikuwa dada mfupi mwenye miwani na daftari, ametoka Arusha. Jina lake sikuwahi kuliuliza, na najuta. Alifungua mlango wa mbele, akauona mtungi umekaa pale umevaa. Akainua rinda kwa ncha ya kalamu.

"Mama," akaniambia, "umekuja kuzima moto au kuupikia?"

Nikamwambia karatasi imesema mtungi. Akasema mtungi wa kuzimia moto. Nikamwambia basi mngesema. Akasema tumesema, nenda kasome. Nikageuka kumtazama Kashindye, gari la tatu nyuma yangu. Alikuwa anatazama mbuzi.

Mtungi wangu ulibebwa na wanaume wanne kwa mwendo wa kubebea jeneza, ukalazwa kivulini, mbali na kila mwenye roho. Wakaulaza na lesi yake. Nilipata faraja kidogo baadaye nilipogundua siko peke yangu, maana kuna mzee mmoja wa vijijini alileta mtungi wa udongo umejaa maji. Na tukisema haki, wa kwake angalau ungezima kitu.

Hapa sasa sikiliza kwa masikio ya kazi, kwa sababu mama yako mwizi wa zamani anakufundisha ulinzi. Pale kwenye foleni mwenye mtungi halisi mwekundu alikuwa Kashindye peke yake, bado uko ndani ya nailoni yake. Na sisi watu wa Tabora hatunyimani. Mkaguzi akimaliza gari moja anainama kuandika kwenye daftari. Akiinama tu, mtungi unatoka dirisha la upande wa pili, unapita mkono kwa mkono, unaingia gari linalofuata. Nami niliyerudishwa nyuma ya Kashindye ukanifikia, ukakaguliwa, ukafaulu, nikautoa. Mtungi mmoja ule ulifaulu mara saba siku ile, na sijui kama kuna mwanafunzi wa baba yako aliyewahi kufaulu hivyo. Wewe ukianza kazi, kila mtungi unaoupitisha utie alama ya chaki. Wiki ya kwanza watakununia. Ya pili watanunua ya kwao.

Helmeti yangu niliazima kwa bodaboda, ile ya abiria, haina kamba ya kidevuni, nikaifunga kwa lastiki ya makava. Mtu akikuletea helmeti, mwambie atikise kichwa kama anayekataa posa. Yangu ilibaki inatazama mbele wakati mimi natazama pembeni. Betri nayo niliikaza kwa lastiki hiyo hiyo. Lastiki niliiamini sana enzi zile.

Kisha akasema toa vyote vinavyoweza kuruka. Nikatoa mwavuli, boksi la tishu, maua ya plastiki, kitabu cha nyimbo, viatu vyangu vya ibada na boga. Akauliza kama ndiyo mwisho, nikasema ndiyo. Nyuma kabisa, kwenye buti, ambalo kwa Bibi Harusi liko wazi mpaka kwenye viti, kulikuwa na dumu la asali la lita tano, mzigo wa shangazi yako. Niliuona na nikauacha. Nilijiambia asali haina haraka, ni kitu kinachotulia.

Mwisho akasema, "Funga mkanda, mama, nisikie."

Kile kifungio cha mkanda, Nyamizi, kilikuwa palepale kilipowekwa na waliolitengeneza gari. Ila juu yake mimi nilikuwa nimepitisha sponji, kitambaa na lesi. Hivyo ndivyo nilivyoshona magari yote mjini, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyekuwa anafunga. Mkanda ulikuwa ni kitu cha kupitisha kifuani ukiona trafiki mbele, ukishampita unauachia. Kukifikia kifungio ningelazimika kukata kava langu, mbele ya foleni, mbele ya kijiwe. Basi nikauvuta mkanda, nikauchomeka ule ulimi wake wa chuma kwenye pindo la lesi, na kwa ulimi wangu mwenyewe nikapiga: *ta*.

Akaandika.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na soda yako, ukaona. Ndiyo maana mpaka unamaliza darasa la saba ulikuwa ukiingia kwenye gari unapitisha mkanda kifuani, unapiga *ta* kwa ulimi, halafu unaniangalia nicheke. Nami nilikuwa nacheka. Kila siku ya shule nilicheka. Hilo linaniuma kuliko mtungi, kuliko asali, kuliko yote niliyokwisha kuandika hapa.

Abiria hawaruhusiwi, mkaguzi akasema, na alikuwa anakutazama wewe. Nikamwambia mtoto atabaki na mama muuza vitumbua. Akaridhika, akaenda gari la nyuma. Ndipo ukaanza kulia. Hukulia kwa sauti, ulilia kwa kunitazama. Nilikuwa nimeshakuahidi njia nzima kwamba tutakimbia wote, mimi na wewe, na Kashindye atakula vumbi letu. Nikazunguka gari kama mtu anayeangalia tairi, nikafungua mlango wa nyuma, nikakwambia ingia, lala sakafuni nyuma ya kiti changu. Nikakufunika na kava la akiba. Na nikakwambia neno hili, nalikumbuka kama lilivyo: "Ukiulizwa, sema uliingia mwenyewe."

Ulikuwa mtoto msikivu. Uliulizwa, ukasema. Ukaendelea kusema mpaka ukaamini.

Tuliingia magari manne kwa mpigo. Kona ya kwanza niliipata vizuri, na hili sitajinyima hata katika barua ya toba: nilimpita Kashindye. Rinda lilipanda, kama alivyosema, lakini lilipanda mimi nikiwa mbele. Nilikusikia nyuma unashangilia chini ya kava. Nadhani sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe.

Kona ya pili alikuwepo mbuzi.

Nilikanyaga breki mpaka mwisho. Na kila sharti nililolidanganya lilidai haki yake kwa wakati mmoja. Helmeti iligeuka, nikaona giza. Mkanda ulitoka kwenye lesi bila hata kuichana, kifua changu kikapiga usukani. Betri iliacha lastiki yake na kwenda kugusa boneti. Dumu la asali, lile lisilo na haraka, lilipita juu ya viti na kupasukia dashibodi. Na wewe, uliyekuwa umeinuka kuchungulia, ulipita kati ya viti viwili na kupiga nyusi yako kwenye gia.

Moshi ukaanza kutoka chini ya boneti. Nilipeleka mkono chini ya kiti kutafuta mtungi. Mtungi ulikuwa kwenye foleni, unafaulu kwa mtu mwingine. Mkono wangu ulipapasa mahali ulipotakiwa kuwepo ukashika rinda. Nilikuvuta nje kwa mguu mmoja, umejaa damu na asali, hulii, na kwa sababu hulii nilidhani nimekuua. Nakuandikia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa kwenye majani na wewe mapajani nikasema jina lako mara nyingi, na jina lingine lolote sikulikumbuka, hata la Mungu.

Kisha ukasema, "Mama, tumemshinda?"

Yule dada alikuja mbio na mtungi wake mkubwa akaupuliza moshi kabla haujawa moto. Unga mweupe ukafunika kila kitu. Bibi Harusi hakuwahi kuwa mweupe vile hata siku niliyomvalisha. Akaja kwako, akakuangalia macho, akakuuliza siku ya leo ni ipi, akakusafisha nyusi taratibu. Asali ilikuwa imeingia kwenye jeraha, akasema isikusumbue, haina ubaya. Mimi naamini ndiyo maana kovu lako ni dogo. Nyuki walifika baada ya hapo. Walikwenda moja kwa moja kwa Kashindye, sijui kwa nini, na ni jambo la pekee siku ile lililokwenda vizuri.

Akakuuliza, "Uliingiaje?" Ukasema, "Niliingia mwenyewe." Akanitazama mimi. Nilitazama chini.

Akatoa wembe mfukoni, akaenda kwenye kiti changu, akalichana kava pembeni, akapitisha vidole, akakitoa kifungio nje, kinang'aa, kipya kabisa, hakijawahi kutumika. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Makava haya kashona nani?"

Nikasema, "Sijui, dada. Gari nimelinunua hivi hivi."

Jogoo hakuwika, maana ilikuwa saa nane mchana. Ila Kashindye, na mdomo wake uliovimba, alikohoa.

Yule dada akanirudishia kipande cha lesi mkononi. "Ukimwona," akasema, "mwambie anashona vizuri sana. Ila aache tundu."

Baba yako aliporudi kutoka Nzega akaiona plasta kwenye uso wako, akauliza. Ukasema vilevile. Unamjua baba yako, fimbo yake darasani ilikuwa ya kuonyeshea ramani. Siku ile alikuchapa mbili. Alisema mtoto anayeingia kwenye gari la mbio kwa kujificha asipochapwa leo, kesho atazikwa. Mimi nilikuwa jikoni narudisha mtungi kwenye jiko, bado umevaa lesi, nikazisikia zote mbili. Nilikuwa na muda wa kutoka kati ya ya kwanza na ya pili. Sikutoka.

Ningependa kukuambia kwamba nilibadilika. Nilibadilika nusu. Kwa wateja nilianza kuacha tundu la kifungio, wakalalamika kwamba linaharibu ua, nikawaambia nendeni kwingine, hawakwenda. Leo ukifungua mlango wa teksi yoyote mjini utakuta tundu, limetiwa pindo safi, na hiyo ni kazi ya yule dada ingawa mkono ni wangu. Lakini kava la Bibi Harusi nilishona upya wiki ile ile, bila tundu. Ningeacha tundu, baba yako angeuliza kwa nini, na kile kwa nini kingefuatwa na kingine mpaka kifike jikoni. Mganga hajigangi, na mimi nilijifunika lesi.

Sasa nakuomba jambo moja la kazi, halafu nikuache. Atakuja mtu kwenye geti lako na mkanda wa uongo. Utamjua, usitazame mkanda, tazama shavu lake. Huyo hatakuwa mtu mbaya. Atakuwa mtu mwenye foleni nyuma yake na kijiwe kinachomtazama, na pengine mtoto aliyemwahidi kitu. Usimpitishe. Lakini mvute pembeni kwanza, mbali na watu, ndipo umwambie. Yule dada angenivuta pembeni tangu kwenye mtungi wa gesi, nadhani ningekata kava. Simlaumu, alikuwa na magari mengi na jua kali. Nakwambia tu ninavyolijua, kwa kuwa nilikuwa upande ule mwingine wa dirisha.

Baba yako nimemwambia leo asubuhi. Alikuwa anafunga sanduku lako kamba. Aliacha kufunga. Akaniuliza, "Zote mbili?" Nikamwambia zote mbili, hukustahili hata moja. Akatoka nje, akaenda kukaa ndani ya gari, kiti cha abiria, muda mrefu. Nilipochungulia alikuwa anapapasa pembeni ya kava, anatafuta kifungio.

Basi nilipokuona umepinda kona kwenda kwa shangazi zako, nikachukua mkasi mkubwa. Nimelikata kava la kiti changu, nikakisafisha kifungio, nikauchomeka ulimi wake. Kimelia *ta* ya chuma. Nimekifunga na kukifungua mara nyingi, mpaka majirani wakatoka. Kisha nikakata kava la kiti cha abiria, kiti chako. Ndani ya kifungio nimekuta nyuzi, pini ya nywele na punje ya mahindi iliyoanza kuota ikaghairi. Nimejaribu kwa koleo, nimejaribu kwa mafuta, nimejaribu kwa maneno ambayo shangazi zako hawajui kama nayajua. Hakishiki.

Nilikuwa nimepanga kukupeleka stesheni kesho na Bibi Harusi kwa heshima zote. Haiwezekani. Nikamwambia baba yako nimwite jirani mwenye guta abebe sanduku na wewe ukae juu yake. Baba yako akaniuliza, "Guta lina mkanda?" Tangu asubuhi amekuwa mkali wa masharti kuliko wewe uliyesomea. Sanduku atalibeba mwenyewe, kichwani, anasema ukoo wao walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Walibeba wao, yeye amebeba chaki. Nimemwambia hivyo, akasema hata chaki ni mzigo. Ninavyoujua mgongo wake, tutapumzika mara nne kabla ya kufika stesheni, kwa hiyo amka mapema, treni haitamsubiri mjukuu wa mpagazi.

Lakini kabla ya chai, toka nje. Gari liko mlangoni. Juu ya boneti nimekuwekea chaki, nimeiomba kwa baba yako. Mkague Bibi Harusi kama ungemkagua wa mtu usiyemjua, toka betri mpaka buti. Atafeli. Mwandikie alama yake kubwa kwenye kioo cha mbele, nami sitaifuta mpaka kifungio kipya kifike. Sitaki unihurumie kwa sababu unasafiri.

Na ukimaliza kuandika, niulize lile swali, la yule dada. Uliulize kwa sauti, baba yako asikie, na Kashindye asikie kama ameshaamka. Miaka yote hii nimekuwa na jibu lake, halikupata mtu wa kuliuliza tena.

Mama yako,
niliyeyashona mwenyewe, yote, kwa mkono huu.